Mwaka wa Kutia Kelele

Papa Ramazani, mwalimu wangu, tulimzika mjini Baraka kabla ya adhuhuri, na mchana nikajikuta kwenye mkeka wa matanga katikati ya bamama ambao nusu yao sikuwakumbuka, na nusu nyingine walinikumbuka kupita kiasi. "Si ni we Mapendo wa studio?" mmoja akanishika kidevu. "Ni we ulinisimamishaka kwa ngazi ya marumaru, na mi sijafikaka hata Bujumbura!" Wakacheka kwa sauti ya chini, ile inayoruhusiwa msibani, nami nikacheka nao, halafu machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Mama huyo akatoa simu yake ili anipoze. Alikuwa amejipiga picha nyumbani, na simu ikamwekea nyuma yake ukuta wa mawe. "Ona, unabonyeza mara moja tu. Iko kama ya kweli." Nikasema ndiyo, ni nzuri. Sikumwambia kwamba mawe yote yale yalikuwa jiwe moja lililorudiwa, na kwamba marehemu angelitukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kibembe. Nimezeeka vibaya. Siwezi tena kutazama ukuta kwenye picha bila kutafuta mahali ulipodanganya. Ugonjwa huo aliniachia yeye, katika mwaka mmoja tu, mwaka niliorudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania nikiwa msichana mkubwa asiye na kazi, mwenye Kiswahili cha shule ambacho hapa kilichekwa kila nilipofungua mdomo.

"Samahani, naomba kuuliza," nilimwambia siku ya kwanza, nikiwa mlangoni pake. Papa Ramazani alinitazama juu ya miwani. "Hapa hatuombake kuuliza," akasema. "Hapa tunauliza." Studio yake ilikuwa kando ya barabara kubwa, vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na shuka jeupe lililopigiliwa ukutani na kiti ambacho watu walikaa kupigwa picha. Cha nyuma kilikuwa na kompyuta, na kati ya vyumba palikuwa na pazia la kitenge, kwa hiyo kila kilichosemwa mbele kilisikika nyuma. Jenereta ilikaa uani ikinguruma na kutema moshi, na ilipozimika ghafla kazi yote ambayo hujaihifadhi ilikwenda nayo. Mwezi wa kwanza nilipoteza ngazi mbili na bustani nzima. Nililia juu ya ngazi. Juu ya bustani nilikuwa nimeshazoea, nikasonya tu.

Kazi ilikuwa hivi. Watu wa Baraka walikuwa wametoka kwenye vita na kwenye kambi, na hakuna aliyetaka kupigwa picha mbele ya shuka. Walitaka kusimama kwenye vigae, karibu na mlango wa mbao nzito, chini ya nguzo ya marumaru. Intaneti hatukuwa nayo, picha za kunakili hatukuwa nazo, basi kila marumaru na kila ubao ilibidi tuutengeneze sisi wenyewe, kutoka kwenye ukurasa mtupu, kwa vichujio vya programu ya picha. Programu ilikuwa ya Kifaransa, na Papa Ramazani, ambaye alijifunzia Kigoma kwa mtu asiyejua Kifaransa, alikuwa ametafsiri kila kitu kwa njia yake. *Nuages* ilikuwa mawingu, sawa. *Flou* ilikuwa ukungu. *Bruit*, ile inayomwaga vipunje vidogo juu ya rangi, yeye aliiita kelele. "Weka mawingu, tia kelele, halafu vuta ukungu kutoka juu kwenda chini," alikuwa akiniamuru, na kweli, rangi ya kahawia iliyolala bure ilianza kuwa na nyuzi, nyuzi zikawa mbao, na mimi nikainua mikono kichwani. Yeye hakushangaa hata siku moja. "Hiyo ni mbao ya kuuza," alisema. "Bado siyo mbao ya muti. Ongeza kelele." Neno hilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Picha iliyo laini mno aliiita bubu. Wateja waliokuja kuomba nyuso zao zilainishwe, makovu yaondoke, aliwalainishia, lakini wakishatoka alinong'ona, "Tumemufanya bubu, huyu."

Chakula tulikula palepale, juu ya meza ya kukatia picha. Mkewe alituletea bugali na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, siku nzuri samaki mukebuka mzima, na hapo ndipo nilikuwa nakasirika, kwa sababu mzee hakukubali samaki aliwe kabla hajageuzwa kwenye mwanga wa dirisha. "Iko na kelele gani?" aliniuliza, akiweka kidole kwenye ngozi. Nilikuwa na njaa. Nilijibu chochote. "Ya mistari, Papa." "Kubwa ao ndogo?" "Ndogo." "Inaenda upande gani?" Na bugali inapoa. Alinifanyia hivyo kwa magome, kwa ndoo iliyoshika kutu, kwa kisigino cha mguu wangu mwenyewe. Leo nina duka langu Uvira, na vijana ninaowafundisha wananiita mama wa usumbufu, kwa sababu nawanyang'anya simu na kuwapeleka uani kushika ukuta kwa kiganja. Wananitii kwa adabu. Najua wananisengenya, nami nilisengenya.

Mama Anjelani alikuja wakati wa jua kali, na mimi nilimsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa nyuma ya pazia nikipigana na kigae. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusubiri. Alisema ametoka kijijini Swima kwa moto, yaani pikipiki, anataka picha ya nyumba yake. "Leta ile picha, mama, tutaikuza," akasema Papa Ramazani. "Picha? Ilichomekaka pamoja na nyumba." "Sasa mi nitakuza nini?" "Banasema muko naweka batu kwa nyumba yenye haiko," akasema Mama Anjelani. "Basi mi muniwekee nyumba. Batu niko nabo." Niliacha kigae changu. Nikasikia kiti kikivutwa, na sauti ya Papa Ramazani imeshuka: "Kaa, mama. Ni kwa sababu gani?"

Akaeleza, nami nikasikiliza bila aibu. Nyumba yake ilisimama Swima, juu kidogo ya ziwa, nyumba ya potopoto, yaani udongo, yenye paa la majani. Vita vikaichoma, yeye akavuka ziwa na watoto. Mumewe alifia kambini. Mvua za miaka ziliyeyusha kuta zilizobaki, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, anaitwa Asukulu, akapanda mihogo pale. Sasa yeye mama amerudi, na Asukulu anasema mbele ya watu kwamba pale hapakuwa na nyumba hata siku moja, palikuwa shamba la baba yao tu. Majirani wa zamani wengi hawakurudi. Waliobaki walisema walikuwa wadogo, hawakumbuki. Ndivyo watu wanavyosema wanapojua wataendelea kuishi karibu na mtu. Shefu wa kijiji alimwambia aeleze nyumba ilikuwaje. "Nilisimama mbele yabo nikaanza kulia, sikuweza kusema hata mulango," alisema. "Asukulu akasema, munaona? Hakuna kitu. Shefu amenipa baraza ingine moja. Nikishindwa, kesi inapanda Fizi." Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kupanda Fizi. Kule milimani kuna ofisi, na mwanamke asiye na karatasi anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, mpaka watoto wake wanazoea kulala kwa watu. "Nataka ile nyumba ikae mbele yabo," akasema Mama Anjelani. "Iseme yenyewe."

Nilipewa kazi hiyo mimi, na wiki hizo ndizo ninazoziona hata leo nikifumba macho. Mama alilala kwa dada yake Baraka, na kila mchana alikuja kukaa kando yangu, miguu imebanwa pamoja, akitazama kioo cha kompyuta. Paa lilikwenda vizuri. Kelele, ukungu wa kuvuta, kelele tena, na majani yakawa majani. Hata yeye akacheka. Mlango nao, sawa. Kisha tukafika kwenye ukuta. Nilimtengenezea ukuta wa udongo ambao niliuonea fahari: mawingu ya rangi mbili, kelele, halafu kile kichujio cha kuinua ambacho kinaipa rangi mgongo na kivuli. Akautazama. "Hii ni ukuta ya bureau," akasema, yaani wa ofisi. Nikaongeza nyufa. "Sasa ni ya bureau yenye imezeeka." Nikamuuliza, kwa Kiswahili changu cha kambini, na kwa hasira kidogo, anataka nini basi. Akanyoosha mkono hewani mbele ya kompyuta, akaupitisha toka kushoto kwenda kulia, kama anayefuta meza. "Mikono iko wapi?" akaniuliza. "Mi nilipakaka ile ukuta na mikono yangu. Kila mwaka wakati wa jua nilipaka. Mikono inaonekanaka."

Nani hajui? Kila nyumba ya potopoto iliyopakwa na mwanamke ina zile alama, pinde za vidole vinne zinazopishana ukuta mzima. Nilizipita kila siku nikienda kazini, sijawahi kuziona. Nikajaribu kichujio cha mawimbi, kikanipa kitu cha kupangika, kama bati. Nikachora upinde mmoja kwa uvumilivu, nikautia kelele, nikauinua, ukawa mzuri kweli, nikaunakili mara nyingi na kuujaza ukuta wote. Papa Ramazani alipita nyuma yangu, akasimama, akaguna. Mama Anjelani akainamia kioo mpaka pua inakaribia kugusa. "Huyu mwanamuke hachokake?" akauliza. Sikuelewa. "Ona. Mukono ni mumoja, nguvu ni moja, toka chini mpaka juu. Mi nilikuwaka nachoka, mwanangu. Huku juu mukono unakuwa mufupi." Niliona aibu iliyonichoma masikio. Nikafuta zote, nikaanza kuchora upinde mmoja mmoja, hakuna uliofanana na mwenzake, mirefu mahali ambapo mtu anaanza asubuhi, mifupi mahali ambapo mabega yanauma. Yeye aliniongoza kwa kidole. Tulipofika chini, karibu na mlango, kidole kikasimama. "Hapa weka midogo," akasema. "Ya mutoto. Riziki alitaka naye apake." Riziki alikuwa binti yake wa kwanza. Alifia kambini, mwaka uleule wa baba yake, na picha yake pia haikuwepo popote. Nilichora mikono midogo bila kuinua kichwa. Jenereta inanguruma, kioo kinaniunguza macho, na yule mama anasema taratibu, "Ndogo zaidi. Ee. Vile."

Tulipoichapa, kubwa, kwenye karatasi nzito, hata mimi niliyeitengeneza nilitamani kuishika nione kama vumbi litabaki mkononi. Na hapo nikaogopa. Nikamuuliza Papa Ramazani, watu wakidhani ni picha iliyopigwa, itakuwaje? Alikuwa anafuta miwani kwa shati. "We utaipeleka Swima pamoja naye," akasema. "Bakikuuliza, unasema kweli. Kazi yetu ni kufananisha. Ushahidi hatujui." Nikamwambia nikisema kweli, mama atapoteza kiwanja. Akavaa miwani. "Najua," akasema, akatoka nje kwenda kuitia jenereta mafuta ambayo haikuyahitaji.

Baraza lilifanyika mbele ya nyumba ya shefu, watu kwenye mabenchi na wengine chini. Asukulu alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nilimchukia vizuri tu. Mama Anjelani alifungua kitenge alichokuwa ameviringishia picha, akaiweka kwenye meza, akarudi kukaa. Watu wakasogea. "Eee! Picha ya zamani!" mtu akasema. "Ni nyumba yenyewe, kumbe iko!" Picha ikaenda mkono kwa mkono, na nikaona kesi inageuka mbele ya macho yangu, nyuso zinamwelekea Asukulu, na Mama Anjelani ameinamisha kichwa, hakusema ni ya zamani, hakusema si ya zamani. Kisha shefu, mzee mwenye kikohozi, akaniita. "We mama mudogo, ni we uliileta. Hii picha ilipigwa mwaka gani? Na nani?"

Nilisimama. "Haikupigwa, shefu. Niliitengeneza mimi, kwa kompyuta, huko Baraka. Mama aliniambia, mimi nikafananisha." "Yote?" "Yote." "Hata hii ukuta?" "Hata ukuta." Mtu nyuma akacheka, wengine wakafuata. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba batoto ba kambi banajua uongo wa kisasa. Sikuweza kumtazama Mama Anjelani. Nilitazama miguu yake, vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya sandali. Shefu akakohoa, akasema basi, kitu kilichotengenezwa hakina maana hapa, na kama hakuna neno lingine kesi itapanda Fizi. Akamuuliza Asukulu kama ana neno. Ilibaki Asukulu aseme hapana. Angesema hapana tu, angerudi kwenye mihogo yake.

Alikuwa ameishika picha. Nadhani ilimfikia mwisho, na hakuna aliyemtazama wakati anaitazama. Akaweka kidole chini, karibu na mlango. "Hapa si pake," akasema.

"Nini?" akauliza shefu.

"Riziki. Hakupakaka hapa. Hapa mulangoni mama yake alimukataza, alisema ni fasi ya bageni, atachafua. Alipakia kule nyuma, upande wa jikoni." Alikuwa anaongea na picha, siyo na sisi. "Mi ndiye nilimuchoteaka maji. Alikuwa na kopo yake mudogo."

Shefu akauliza, taratibu sana, "Asukulu. Maji ya kupaka nini?"

"Ukuta," akasema Asukulu.

"Ukuta ya nini?"

Hapo akainua uso. Nimewaona watu wakishikwa na uongo wao mara nyingi tangu siku hiyo, sokoni, ofisini, kitandani mwangu mwenyewe; wanakasirika, wanageuza maneno, wanaapa. Yeye hakufanya chochote kati ya hayo. Alionekana tu amechoka, kama mtu aliyefika na mzigo na sasa anatafuta mahali pa kuutua. "Ya nyumba," akasema.

Kelele zikaanza, za kweli, watu wote kwa pamoja. Shefu akapiga meza, akasema kiwanja ni cha mjane na watoto wa marehemu, Asukulu atavuna mihogo yake na kuondoka, karatasi itaandikwa, kesi haipandi popote. Wanawake walewale walionicheka wakapiga vigelegele. Mimi nililia, sioni haya kusema, nililia kwa furaha na kwa kuishiwa nguvu, nikamgeukia Mama Anjelani nimkumbatie. Hakuwa mahali pake. Alikuwa ameinuka katikati ya vigelegele vile na kwenda upande wa pili, akakaa chini, mchangani, kando ya kiti cha Asukulu, yule aliyemnyima kila kitu tangu arudi.

"Nilimukataza?" alikuwa anamuuliza.

"Ulimukataza. Akanuna. Akakuja kwangu nyuma kule."

"Sikumbuki," akasema Mama Anjelani. "Mi sikumbuki hii." Alisema mara mbili. Uso wake ulikuwa wa kutisha. Nilifikiri wakati ule kwamba ni uchungu wa vita vyote, wa kiwanja, wa kicheko cha watu. Leo nina watoto wangu, na mmoja nimemzika, na najua ulikuwa uchungu wa aina moja tu. Mtu mwingine alikuwa na kitu cha mtoto wake ambacho yeye hakuwa nacho. "Alisema nini?" akauliza. "Alipokuja kule, alikuambia nini?"

Asukulu akainama viwiko vikiwa magotini, akatafakari. Akaanza kusema, kwa sauti ambayo sikuisikia, na mama akasogea karibu zaidi, mkono wake ukashika ukingo wa kiti chake. Watu walianza kutawanyika. Shefu aliingia ndani kuandika karatasi. Mwenye moto aliyenileta akapiga honi, akaniuliza kama nalala huku. Nikapanda. Nilipogeuka mara ya mwisho, uwanja ulikuwa karibu mtupu na wao wawili bado wamekaa vilevile, yeye anaeleza, mama anauliza tena, na sidhani Mama Anjelani alikuwa hata amesikia kwamba ameshinda.